Washa Taa, Uelekeze Ukutani

Ipo siku moja siisahau, siku ya mwandamo wa Ramadhani, wakati huo mimi ni kijana mwenye ndevu chache na maneno mengi. Siku hiyo mjomba wangu alinitamkia msemo niliokuwa nikiusikia tangu utotoni, ila mara hii ulikuwa umepakwa kwenye taa ya gari, unaonekana kwa macho na unanuka. Nakusimulia wewe, Zuhura mwanangu, binti wa dada yangu, kwa sababu juzi umeniletea dawa ya macho.

Hukuileta mwenyewe. Ulimpa kijana wa bodaboda, imefungwa ndani ya mfuko mweusi kama kitu cha aibu, bila salamu wala maelezo. Nikaelewa. Siku iliyotangulia tulitoka wote msibani Rutamba, mimi naendesha, wewe umekaa ubavuni mwangu, na magharibi ikatukuta hatujafika mjini. Pale kwenye kona yenye mikorosho pande zote mbili alitokea mtu na baiskeli yenye magunia ya mkaa, nami nikamwona wakati tayari yuko usawa wa kioo cha pembeni. Hatukumgusa. Ulishika dashibodi kwa mikono miwili, ukakaa hivyo mpaka tukaingia mtaani kwetu Mtanda, na tuliposhuka ukasema, "Mjomba, siku hizi giza linaingia mapema." Nikakujibu kwamba ni kweli. Giza lilikuwa limeingia saa yake ya siku zote, na sote wawili tulilijua hilo.

Sikukasirika. Chupa yenyewe nimeiweka dirishani, sijaifungua. Lakini kabla hujakaa na wenzako kuulizana nani atamwambia mzee, nataka usikie habari ya mjomba wangu mimi, Bakari, na pikapu yake.

Mjomba Bakari alikuwa kaka wa mama yangu, bibi yako. Unajua kwetu mjomba ni nani, ingawa ninyi wa sasa mnamwita mjomba hata muuza maji. Katika ukoo wetu mjomba ndiye anayekuoza na ndiye anayekukanya, na akichoka, kazi yake huja kwa mpwa kabla ya kwenda kwa mwanawe wa kumzaa. Nilipomaliza shule nilihamia kwake, hapahapa Mtanda, nikawa utingo wake. Alikuwa na pikapu ya zamani yenye taa za mviringo, za kioo kizito, si hizi za plastiki za magari ya leo. Asubuhi tulipakia chumvi kwenye mashamba ya chumvi, tukapanda nayo Rutamba na vijiji vya mbele, na jioni tukarudi na mihogo, ndizi, kuku, na watu waliokaa juu ya hivyo vyote. Nyumba nzima ilikula kwa pikapu ile. Mkewe, Bi Somoe, mzaliwa wa Kilwa Kisiwani, ambaye hakuacha siku ipite bila kutukumbusha alikozaliwa, alikuwa akisema yule ni mke mwenza wa pekee aliyewahi kuleta chakula nyumbani.

Mwaka ule mjomba akabadilika barabarani. Jua likishazama alikuwa anainama mpaka paji la uso linakaribia kioo. Akiona kivuli cha mti anakanyaga breki. Akiulizwa, husema barabara imeharibika. Baadaye akaanza kuondoka Rutamba alasiri, gari likiwa nusu tupu, ili afike nyumbani kungali kweupe. Wakulima waliozoea kumsubiri wakitoka shamba walikuta vumbi lake tu, nao, kwa haki kabisa, wakatafuta gari jingine. Sufuria ya Bi Somoe ikaanza kupungua, na Bi Somoe hakuwa mtu wa kunyamazia sufuria.

Kisha jioni moja akamkosakosa mwanamke aliyejitwika kuni. Mwanamke aliruka mtaroni, kuni zikamwagika, na mjomba akashuka akamwokotea zote, kuni moja baada ya nyingine, huku akimwomba radhi. Mimi nilikuwa nyuma juu ya magunia, na nilichokiona ni mzee anayepapasa chini kutafuta kuni. Nilirudi nyumbani nikasimulia nilichokiona.

Ukoo mzima ukakubaliana kwamba ni macho. Hakuna aliyemwambia, maana mjomba haambiwi. Alizungukwa kwa mbali. Mama yangu akaanza kumpelekea mchuzi wenye karoti nyingi kuliko samaki. Shemeji yake mmoja kutoka Kilwa Masoko alifunga safari kuja kumsimulia, bila sababu yoyote, habari za mtu aliyetolewa mtoto wa jicho akapona. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama huyo mtu ni ndugu yake, akaambiwa hapana, akasema basi Mungu amzidishie afya.

Mimi nilikuwa na njia yangu. Kila alfajiri nilichukua kitambaa nikakichovya kwenye mafuta ya nazi ya Bi Somoe, nikazipaka zile taa za mbele, vioo vikawa vinang'aa hata mtu akajiona pua. Nikamwambia mjomba, "Leo zitawaka, mjomba, nimezitengeneza." Naye akasema, "Ahsante, mwanangu." Na kila Ijumaa, kabla ya swala, kama nilivyofanya tangu nianze utingo, niliiosha gari zima kwa maji ya kisima cha uani, mpaka chini ya boneti, ndoo baada ya ndoo. Maji ya kisima kile yalikuwa ya chumvi, hata chai haikupikika nayo. Ya kunywa tulikuwa tunayafuata mbali, na nani angebeba maji matamu kwa ajili ya kuosha injini. Watu walikuwa wakipita wananisifu, wanasema mpwa wa Bakari anajua kutunza mali.

Mali. Neno hilo nalo lilikuwa na lake. Wakubwa wa ukoo waliponiita kando, mwishoni mwa Shaabani, walisema hivi: mjomba wako asiendeshe tena, ataua mtu au atajiua, na wewe ndiye mpwa mkubwa. Mwezi ukiandama utamwambia, kwa sababu katika Ramadhani mtu hupokea maneno kwa subira, na ufunguo utakuwa wako. Sikuwauliza kitu. Kijana akishaambiwa gari ni lake, maswali humwisha.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Jioni ya mwandamo tulitoka watu wengi wa mtaani kwenye uwanja wa wazi, upande unaotazama machweo. Siku hizi mnasubiri redioni na kwenye simu, lakini wakati ule mtaa wetu ulikuwa bado unapenda kuutafuta mwezi wenyewe, na aliyeuona kwanza alipata heshima ya mwezi mzima. Tulisimama tumekunja macho. Kulikuwa na wingu jembamba chini, na kila baada ya muda mtu alisema ule pale, kumbe ni ndege.

Mjomba Bakari alikuwa amesimama nyuma kidogo, mikono mgongoni. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Upo juu ya ule mnazi uliokatika kichwa. Kushoto kwake, chini ya wingu."

Tukatazama. Hatukuona kitu. Vijana wenzangu wawili wakabinyana, maana habari za macho yake walikuwa nazo. Yeye hakurudia maneno yake. Baadaye kidogo mwanamke mmoja akasema, "Wallahi upo." Kisha mtu wa pili, kisha watu wakaanza kuonyeshana kwa vidole, na vigelegele vikapigwa. Ulikuwa mwembamba mno, kama ukucha uliokatwa. Mimi nilikuwa miongoni mwa watu wa mwisho kuuona, na mpaka leo sina hakika kama niliuona au niliona aibu kuendelea kutouona.

Bi Somoe alikuwa amesimama karibu yangu na ushungi wake. Hakunitazama. Akasema, "Haya ndiyo macho mnayotaka kuyastaafisha?"

Alisema chinichini, lakini masikio ya mjomba nayo yalikuwa mazima. Aligeuka akanitazama. Nilitegemea hasira, na hasira ingenifaa zaidi. Akasema tu, "Kumbe na ninyi." Kisha akanishika mkono, akanirudisha nyumbani, akaingia ndani ya pikapu, akaigeuza mpaka ikatazama ukuta wa nyumba uliopakwa chokaa. Akashuka, akasimama mbele.

"Washa taa," akaniambia.

Nikawasha. Kwenye ukuta mweupe kabisa, kwa hatua chache tu, kulikuwa na madoa mawili ya rangi ya chai ya maziwa. Mtu angeweka koroboi pale angepata mwanga zaidi. Nilikuwa nimezipaka taa zile kila alfajiri kwa wiki nyingi, nikiziangalia juani zinavyong'aa, na sikuwahi hata mara moja kuziwasha mbele ya ukuta nikaona zinatoa nini.

Mjomba akapitisha kidole juu ya kioo, akakinusa. "Hii nini?"

"Mafuta ya nazi, mjomba."

Akafuta kidole kwenye kikoi. "Nimesikia watu wanapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa tangu nazaliwa," akasema, "lakini sikuwahi kumwona mtu akichukua mafuta kweli na chupa kweli akafanya kazi hiyo."

Mwanangu, msemo huo unaujua, kwamba ni kumhadaa mtu kwa maneno laini. Wengine huutumia wakicheka. Mimi siku ile sikuwa na pa kuuweka uso, maana mafuta yalikuwa bado vidoleni.

Kisha akasema maneno ambayo ndiyo hasa nilitaka uyasikie. Hakuyasema kwa ukali. Alikuwa ameegemea boneti, kama mtu anayejisemea mwenyewe. "Mimi niliogopa ni macho, nikanyamaza. Wewe ulitaka yawe macho, ukanyamaza. Ndiyo maana hakuna aliyefungua boneti."

Nilishangaa. Sikuwa nimefikiria kwamba naye alidhani anapofuka. Miezi yote ile alikuwa akilala na hofu hiyo peke yake, anaondoka Rutamba mapema, anakula karoti za mama bila kuuliza, kwa sababu mtu anayeogopa jibu hakaribii swali. Na sisi tuliompenda tulimthibitishia kwa ukimya wetu. Iliniuma nilipolielewa, na bado inaniuma kidogo nikilitaja.

Kesho yake, siku ya kwanza ya mfungo, baada ya swala ya alasiri, tukafungua boneti. Nakueleza tulichofanya kwa utaratibu wake, kwa sababu una gari sasa na unapenda kupiga simu kwa fundi hata tairi likipungua upepo.

Kwanza aliniuliza: taa moja ndiyo hafifu, au zote mbili? Ikiwa moja, ugonjwa uko kwenye taa hiyohiyo, globu yake au waya wake. Zetu zilikuwa hafifu zote, kwa kipimo kimoja, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa mahali taa zote mbili zinapokutana. Halafu akaniambia nipige resi huku yeye akitazama. Taa zikipata nguvu injini inapokimbia, ishuku betri au kile kinachoichaji. Zetu hazikutikisika. Akafuta mafuta yangu yote kwa sabuni, akachungulia ndani ya kioo kama lile bakuli linalorudisha mwanga limeshika kutu. Lilikuwa safi. Akavua vichwa vya betri, akavikwangua, akavirudisha. Bado taa zilikuwa chai ya maziwa.

Nikasema, "Basi globu zimechoka, mjomba."

"Umezipima au umezihukumu?" akaniuliza.

Akachukua kipande cha waya mrefu. Sikiliza hapa vizuri. Umeme ukitoka kwenye betri hupita kwenye waya mpaka kwenye taa, halafu lazima urudi betrini, na njia yake ya kurudi ni bodi ya gari yenyewe. Pale waya unapofungwa kwenye bodi kwa bolti ndipo mafundi wanapopaita ethi. Mjomba alishikiza ncha moja ya waya kwenye kichwa cha hasi cha betri, cha hasi, mwanangu, usiguse cha chanya, na ncha ya pili akaigusisha kwenye ule waya wa taa unaorudi. Ukuta ukawa mweupe. Akaondoa waya, ukarudi kuwa chai. Akagusa tena, ukawa mweupe. Alirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nadhani alikuwa anajifurahisha, na alistahili.

"Njia ya kwenda nzima," akasema. "Ya kurudi ndiyo imekufa."

Tukaifuata ethi mpaka kwenye bolti yake, nyuma ya taa, pembeni. Sikuitambua kuwa ni bolti. Ilikuwa donge la ukungu wa kijani na weupe wa chumvi, limevimba kama kidonda. Mjomba akatazama donge, akatazama kisima cha uani, akatazama ndoo yangu iliyokuwa imeinamishwa ukutani, ndoo iliyosifiwa na mtaa mzima kila Ijumaa. Bi Somoe, aliyekuwa anakuna nazi ya futari kibarazani na amesikia yote, ndiye aliyesema, "Na mafuta yangu ya nazi nani atarudisha?"

Tulivua betri kwanza, hilo usilisahau, ndipo tukafungua bolti. Nikapewa msasa. Nilikwangua waya na bodi mpaka chuma kikawa cheupe kama kipya, na midomo ilikuwa mikavu kwa funga, na mjomba amekaa kwenye kigoda ananiangalia. Tukafunga bolti, tukaikaza kwa spana. Mwisho kabisa ndipo alipochukua grisi, akaipaka juu ya bolti iliyokwisha kukazwa, ili maji ya chumvi yasiingie tena.

"Mafuta nayo yana mahali pake," akasema. "Unapaka baada ya kusafisha, na unapaka pasipoonekana."

Jua lilikuwa linazama tulipomaliza. Adhana ikaadhiniwa, Bi Somoe akaleta tende na maji, mjomba akashika tende yake mkononi bila kuila, akaniambia niwashe. Nikawasha. Ukuta ulionyesha kila kitu, mpaka mistari ya fagio lililotumika kupaka chokaa na tundu la msumari ambalo sikuwahi kuliona. Mjomba aliutazama ukuta ule kwa muda. Halafu akala tende yake, akanywa maji, akaingia ndani kuswali. Baada ya mfungo alirudi kwenye safari zake za jioni, na wakulima wa Rutamba wakarudi kwake mmoja mmoja. Ufunguo ulibaki kwenye mfuko wa shati lake, na wakubwa wa ukoo hawakuutaja tena.

Aliendesha miaka mingi baada ya hapo. Na siku aliyoacha, hakuna aliyemwambia aache. Ilikuwa mwandamo mwingine, mimi nina mke na watoto, tumesimama uwanja uleule. Watu wakaanza kupiga vigelegele, vidole vimeinuka. Mjomba Bakari alikuwa nyuma, mikono mgongoni kama kawaida yake. Akasema mbele ya watu wote, bila kupunguza sauti, "Mimi leo sijauona." Asubuhi yake alinikabidhi ufunguo, akaniambia taa ni nzima, amezitazama.

Sasa, Zuhura, nirudi kwako na chupa yako.

Ulipoileta nilifanya kama alivyofanya yeye. Nilikaa na gari langu kwa siku mbili. Vifuniko vya taa hizi za plastiki vilikuwa vimepigwa na jua mpaka vikawa na utando wa njano. Hivyo havitaki mafuta ya nazi, na ile dawa ya meno mnayopaka ninyi vijana hudumu siku chache tu. Nilivisugua kwa msasa laini wa maji, pole pole, nikamalizia kwa dawa ya kung'arishia rangi ya gari, nikapaka ile ya kuzuia jua. Globu zilikuwa zimechoka kweli, nilizipima, nikaweka mpya. Nimezishika kwa kitambaa safi, maana kioo cha globu hizi kikipata mafuta ya vidole huungua mapema, na hapo napo mafuta si mahali pake. Nikafungua ethi, nikaikwangua, nikaikaza, nikaipaka grisi. Jioni nikaligeuza gari likatazama ukuta, ukuta uleule wa Mjomba Bakari, nikawasha.

Jirani yetu alikuwa anapita na ndoo yake, akaweka mkono machoni akasema, "Shikamoo, mzee. Leo unatupofusha." Nikaitikia marahaba. Nikakaa kwenye kiti cha dereva nikatazama mbele. Niliona weupe. Ukuta sikuuona, mwanangu, wala tundu la msumari, na najua lilipo.

Na nikuambie jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Mwaka huu, siku ya mwandamo, watoto walinionyesha mwezi, wakasema babu ule pale, nami nikaitikia naam, naam, nauona. Sikuuona. Mjomba Bakari aliweza kusema kwa sauti mbele ya uwanja mzima, mimi nimeshindwa kuwaambia watoto. Kwa hiyo nakuambia wewe.

Nasaha yangu kwako ni fupi. Kitu kikififia mbele yako, iwe taa, iwe mtu, iwe ndoa yako siku moja, usikimbilie kutaja ugonjwa ambao ungekufaa wewe, wala usiukimbie ule unaouogopa. Washa, uelekeze ukutani, utazame kinachotoka. Kagua njia ya kwenda na ya kurudi, na uanze na kile unachoweza kukigusa kwa mkono wako. Ukishajua, sema. Umwambie mwenyewe, kwa adabu, uso kwa uso, hata akiwa mjomba wako. Dawa unayompelekea mtu bila kujua anaumwa nini, na bila kumwambia kwa nini umeileta, haina tofauti na mafuta yangu ya nazi. Najua uliileta kwa mapenzi. Mimi nami nilikuwa napaka kila alfajiri.

Huenda ni mtoto wa jicho, na huyo hutolewa, yule shemeji wa Kilwa Masoko alikuwa na haki yake. Huenda si yeye. Sijui, na sitaki kuhukumu kabla ya kupima. Ninachohitaji ni mtu wa kunipeleka hospitali, na mimi siendeshi tena.

Ufunguo nimeutundika msumarini, nyuma ya mlango. Katika ukoo wetu ufunguo humwendea mpwa, na hakuna aliyewahi kusema lazima awe mwanamume. Uchukue kwa mkono wa kulia. Mwenyezi Mungu akujaalie macho ya kuona na moyo wa kukubali ulichokiona, akuepushe na shari za njiani, awafikishe salama wewe na kila utakayembeba, na kila atakayetokea mbele yako na baiskeli yake. Ukija kunichukua, kabla hatujaondoka, geuza gari, washa taa, kaa kwenye kiti changu, halafu uniambie unaona nini ukutani.